Mkamwana na Kituo cha Sita

Jumatano ya Majivu, alama nyeusi ikiwa bado kwenye paji la uso wangu, nilimtangazia mama mwenyeji wangu kwamba Kwaresima hii sitajinyima nyama wala sukari. Nitajinyima kulalamika. Alikuwa amekaa barazani akimenya ndizi mbichi, mvua ikimiminika kutoka paani na kujaza ndoo. Akaitazama miguu yangu, iliyokuwa na tope hadi magotini, akacheka mpaka kisu kikamtoka mkononi.

"Ungeanza na nyama, mwanangu," akasema. "Nyama ni rahisi."

Alijua anachosema. Mimi ni mtu wa Makueni, Kenya, na kwetu mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama. Hapa Kisondela, kusini mwa Tanzania, Kwaresima huangukia kwenye masika, na masika ya Rungwe hayana adabu. Nguo hazikauki, viatu vinaota kuvu, na mlima wenyewe unaweza kujificha wiki nzima usijue uko upande gani. Nilikuja kwa kujitolea kupitia Kanisa, mlei tu, kufundisha ushonaji wasichana wa parokia, nikapewa chumba katika nyumba ya mama huyo na mumewe. Mzee alikuwa mwenyekiti wa kigango, sauti nzito, macho yameanza kufifia, na kila Ijumaa Kuu ndiye aliyekuwa Yesu katika Njia ya Msalaba. Hakuna aliyekumbuka mwaka ambao alikuwa mtu mwingine.

Ng'ambo ya ua ilikuwapo nyumba ya mtoto wao wa kiume, ambaye alifanya kazi Mbeya na kurudi mwisho wa mwezi. Mkewe ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa kwanza huku. Alinifundisha kuwasha kuni mbichi na kuitikia salamu kwa "ndaga", asante ya huku, bila kuonekana kituko, na nilimpenda kwa sababu alikuwa mwepesi wa kucheka. Lakini kila mzee alipotokea, yeye alitoweka. Akiwa anafagia, aliacha ufagio chini. Akiwa njiani, aliingia mgombani na mtoto wake mgongoni, akageuka upande wa pili, akasimama kwenye mvua hadi mzee apite. Na kwa kuwa mzee siku hizi alitembea polepole, akipapasa njia kwa fimbo, mwenzangu alilowa hasa. Mzee naye alikohoa kwa mbali kabla hajafika uani, kisha akapita akitazama pembeni kana kwamba pale hapana mtu.

Nikakata shauri moyoni kwamba hawa wawili wamegombana, tena vibaya. Na kwa vile ulimi wangu ulikuwa umenyimwa kazi yake ya kila siku, nikautafutia nyingine: nitawapatanisha. Kwaresima si ndiyo majira yenyewe?

Kamati ya Njia ya Msalaba ilipokutana kugawa nafasi, nilinyoosha mkono nikapendekeza kwamba Veronika, yule mama anayempangusa Yesu uso katika kituo cha sita, awe mkamwana wa mzee. Nilieleza kwa kirefu jinsi inavyofaa. Nilipomaliza, wakatazamana. Mtu mmoja akakohoa. Padre, ambaye naye si wa huku, akasema ni wazo zuri, na wengine wakasema, "Sawa, dada," kwa upole ule wa kutotaka kumwaibisha mgeni. Mzee alikuwa anachunguza paa. Nilipompelekea mkamwana habari, aliinamisha kichwa akasema "ndaga", nami nikarudi nyumbani nikiimba.

Mazoezi ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Baada ya yale ya tatu niliingia jikoni nikaitua sufuria kwa kishindo.

"Silalamiki, mama," nikasema. "Ninauliza tu. Huyu mkamwana wako ana nini?"

Mama alifunika chungu taratibu. Nikaona mabega yake yanatikisika.

"Mkamwana hamwoni baba mkwe, mwanangu. Hamtazami, hamtaji jina, hapiti alipo. Ni heshima hiyo, si ugomvi. Mimi nilimkwepa mkwe wangu mpaka tukamzika. Siku hizi wengi wameacha, lakini kwetu hapa bado. Sasa wewe umemwambia akamshike uso, mbele ya kigango kizima."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana," akasema, na hapo kicheko kikamshinda kabisa.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, kisha nami nikacheka, maana ningefanya nini? Alipotulia aliniambia kwamba katika ukoo wao mwiko huo unafunguka. Baba mkwe mwenyewe humpa mkamwana kitu, mkono kwa mkono, na kuanzia siku hiyo wanatazamana na kuzungumza kama watu. Ila mzee wake hajawahi kufanya hivyo. Anasema baba yake hakufanya.

Nikaenda kumwomba mkamwana radhi. Nilimkuta akipembua maharage, akanisogezea kigoda. Hakuwa amekasirika. Alisema kwamba hata kulowa amezoea, mvua ni maji tu.

"Kitu kimoja ndicho kinanitesa, dada," akasema. "Macho ya baba yanaisha. Kikohozi chake nakijua, nyayo zake nazijua, hata fimbo ikigusa jiwe najua yuko wapi, kwa sababu lazima nijue ili nimpishe. Sasa siku akianguka mimi niko karibu, nifanye nini? Nimshike, au nigeuke?"

Nikamsaidia kupembua maharage yaliyobaki. Njiani kurudi niliufikiria mfungo wangu, niliojichagulia mwenyewe na kuutangaza barazani, utakaokwisha Pasaka nirudi kulalamika kwa raha zangu. Huyu alikuwa amefunga macho tangu aolewe, wala sikuwahi kumsikia akiuita mfungo. Nilijiona mdogo, lakini udogo mzuri, ule unaomfanya mtu apunguze maneno. Nafasi ya Veronika tukampa kiongozi wa kwaya, mwanamke mnene mwenye madaha, na wasichana wangu wakashona kitambaa cheupe chenye sura ya Yesu ya kupachika.

Ijumaa Kuu ilinyesha tangu asubuhi. Tulipanda kutoka kigangoni kwa njia ya mgombani, miavuli na majani ya migomba juu ya vichwa, mzee akiwa mbele na fimbo yake, kanzu nyeupe, taji la miiba na msalaba wa mti wa mparachichi ambao alikataa katakata upunguzwe. Mkamwana alikuja nyuma kabisa, pembeni, akiwa amegeuza uso kama kila mwaka. Kituo cha tatu mzee alianguka kama ilivyopangwa, na alianguka vizuri mno. Kituo cha nne, cha tano, tukasonga. Mbele yetu, penye kona, kiongozi wa kwaya alikuwa tayari amekunjua kitambaa chake.

Kabla hatujamfikia, mzee akaanguka tena. Msalaba ukamlalia mgongoni, uso ukazama kwenye tope. Watu wakaguswa sana. Wakapiga magoti pale pale kwenye maji, bibi mmoja akaanza kulia, nami nikawaza kwamba kweli huyu mzee ana kipaji. Padre akafunua kitabu akitafuta kituo kinachofanana na hiki.

Hapo nikasikia mtu anakimbia. Mkamwana alitokea nyuma, akapasua katikati ya waumini waliopiga magoti, akajitupa kando ya mzee. Fimbo ya mzee ya kupapasia njia ilikuwa imeteleza juu ya jiwe, na kati yetu sote ni yeye peke yake aliyeusikia mlio ule. Akausukuma msalaba pembeni. Akamgeuza baba mkwe wake, akamweka kichwa mapajani, akavua kitenge alichojifunga, akabaki na gauni, akampangusa tope machoni, puani, mdomoni, mpaka mzee akavuta pumzi kwa nguvu. Mikono yake haikusita hata mara moja.

Kisha kutoka kwenye kona ikasikika sauti ya kiongozi wa kwaya, kitambaa kikiwa bado kimekunjuliwa.

"Sasa mimi nipanguse nini?"

Kigango kizima kikacheka, Ijumaa Kuu, mvuani, na Padre akacheka kuliko wote. Kifundo cha mguu cha mzee kilikuwa kimeteguka, lakini hakukubali kurudi nyumbani. Akaitwa kijana wa bodaboda, na Yesu wetu akamalizia vituo vilivyobaki akiwa amepakizwa nyuma ya pikipiki iendayo mwendo wa kinyonga, taji kichwani, huku Simoni akibeba msalaba peke yake na kuhema. Mkamwana alikuwa amekwisha kurudi mgombani.

Jumamosi mlango wake haukufunguka. Nilipomuuliza mama kama kuna kosa, alisema hilo ni la mzee mwenyewe. Mzee alikaa kitandani, mguu juu ya mto. Mchana alimwita mama, wakanong'ona, naye mama akafunga safari kwenda Tukuyu mjini kwenye mvua ile ile na kurudi na kifurushi kwapani. Nilitamani kuuliza, nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji.

Pasaka mlima ulijitokeza wote, kijani kibichi, umeoshwa. Baada ya Misa mzee alivuka ua akichechemea, fimbo mkono mmoja, kifurushi mkono wa pili. Alikohoa kama kawaida yake. Mkamwana, aliyekuwa akianika nguo, akageuka haraka kuukimbilia mlango.

"Simama, mama," mzee akasema.

Akasimama, mgongo kwetu. Mzee akamfikia, akanyoosha mkono wenye kitenge kipya, cha rangi ya chungwa, akangoja. Mkono wa mwanamke ukaja nyuma ukitafuta, ukakishika. Lakini uso ulibaki chini.

"Inua uso," mzee akasema. "Mgongo wako nimeshaujua. Nataka nikuone kabla macho hayajaniacha."

Akageuka, akainua uso. Walitazamana muda mrefu, mzee akisogeza kichwa huku na huku kuutafuta mwanga. Nilikuwa nalia waziwazi barazani, mama kanishika bega, na sote tulingoja kusikia neno la kwanza ambalo mkamwana angemwambia baba mkwe wake.

"Baba," akasema, "ile njia ya mgombani usipite tena, inateleza. Pita hapa mlangoni kwangu."