Kitambaa cha Kasuku

Fundi cherehani huyu mtaani walimwita Sindano, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Alikuwa mwembamba, na ulimi wake ulichoma. Mteja akileta gauni lililombana na kudai limerudi baada ya kufuliwa, Sindano alimtazama juu mpaka chini, akasema, "Gauni halijarudi, mama. Tusilisingizie." Wateja walinuna, wakaondoka, wakarudi tena, maana mshono wake haukufumuka.

Ugonjwa ulipoingia, mwanamke huyu asiyeogopa mtu aliingiwa na hofu isiyo na mfano. Binti yake wa pekee, Kifungo, alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na kifua chake kilikuwa dhaifu. Upepo kidogo tu, mtoto anakohoa mpaka anaishiwa nguvu. Na Sindano kutwa alishika nguo zilizotoka kwenye miili ya watu, huku mumewe akiendesha teksi na kupokea pumzi za kila abiria. Basi akapitisha sheria nyumbani. Barakoa mlangoni, barakoa sebuleni, barakoa wakati wa kumwogesha mtoto na wakati wa kumbembeleza alale. Chakula alikula peke yake jikoni, wenzake wakishamaliza, akiwa ameelekea ukutani.

"Mama Kifungo," mumewe alimwambia mara moja, "mimi nilikuoa kwa ajili ya ule mwanya wako. Siku hizi hata sijui kama bado upo."

"Upo," alijibu kutoka nyuma ya kitambaa. "Nawe umeosha mikono?"

Barakoa zao zote tatu alizishona kwa kitambaa kimoja, cha njano iliyokolea, chenye kasuku wa kijani. Rangi zile zilipiga kelele hata ukiwa mbali, na ndivyo alivyotaka. Kabla ya kutoka kwenda dukani au zahanati, alichuchumaa mbele ya mwanawe na kumwuliza, "Ukipotea unatazama nini?"

"Kasuku."

"Na asiye na kasuku akikuita?"

"Siendi."

"Hata akikuita kwa jina?"

"Hata."

Alijivunia jambo hilo. Akawasimulia majirani, akawashauri nao wafanye hivyo, na walipochelewa kumsifu, alijisifu mwenyewe.

Barabara za mikoani zilipofunguliwa, mama yake Sindano alipiga simu. Mjukuu wake alimwacha mchanga wa kubebwa, sasa anaambiwa anakimbia. "Mnangoja nini?" bibi aliuliza. "Au mpaka nizikwe ndiyo mje?" Sindano alijaribu kujieleza, lakini siku hiyo alikutana na ulimi uliouzaa wake. Wakafunga safari.

Walisafiri kwa teksi yao wenyewe, madirisha wazi, chupa ya dawa ya mikono ikining'inia kwenye kioo cha dereva. Ilikuwa safari yao ya kwanza tangu janga lianze, na Kifungo hakutulia. Alitaja kila ng'ombe. Alitaka juisi. Alitaka biskuti. Alitaka kujua kama bibi ana meno. Walipofika kwenye kituo cha mafuta chenye duka na vyoo, akataka puto lililofungwa mlangoni, akakatazwa, akaanza kulia.

"Nuna," Sindano alimwambia. "Nuna kabisa, na nisikusikie tena mpaka kwa bibi."

Kwenye bomba la kunawia palikuwa na foleni, na mlinzi aliyejiona waziri. Mtu mmoja mmoja, alisema, na kila mtu kwenye alama yake. Sindano akamwachia mtoto mkono ili anawe. Hakunawa kama watu wengine. Alipandisha povu mpaka kwenye viwiko, akasugua katikati ya vidole, akarudia. Wakati huo basi la abiria lilikuwa limeingia na kumwaga watu, na mvua nayo ikaanza kupiga mabati. Kila mtu akakimbilia upande wake. Sindano akageuka, akaona koti dogo la mvua la buluu kama alilomvalisha Kifungo, yale ya plastiki yaliyojaa kila duka, na chini ya kofia yake akaona kasuku. Akaushika mkono ule, akakimbia nao, akausukuma mwili mdogo kwenye kiti cha nyuma kati ya godoro walilompelekea bibi na mizigo, akafunga mlango. "Twende," akamwambia mumewe, "kabla barabara haijajaa maji."

Nyuma kulikuwa kimya. Sindano aliridhika na kimya hicho. Kifungo alijua kununa kama baba yake, anaweza kukaa na kinyongo mpaka mtu mzima ukaona haya. Wakapita mashamba, wakapita daraja, mvua ikapungua. Huruma ikamwingia mama mtu. Akamenya yai la kuchemsha, akalipeleka nyuma bila kugeuka.

"Haya, mama, yaishe. Shika ule."

Mkono ukapokea. Kisha mumewe, aliyekuwa akitazama kwenye kioo, akakanyaga breki mpaka godoro likaja mbele.

"Mama Kifungo," alisema polepole. "Huyo ni nani?"

Sindano akageuka. Kasuku walikuwa wameshushwa kidevuni, na juu yao palikuwa na mdomo wa mtoto wa kiume, mapengo mawili mbele, yai limejaa shavuni. Sindano alimtazama na akili ikakataa. Alitafuta uso wa mwanawe ndani ya uso ule, kama mtu anayepapasa mfuko aliokwisha kuukagua.

"Wewe," alisema, na sauti haikuwa yake, "mama yako yuko wapi?"

"Kwenye basi."

"Mbona hukusema?"

Mtoto akameza kwanza, kwa adabu. "Mama alisema nisiongee na watu. Nitapata ugonjwa."

"Na barakoa hii umeitoa wapi?"

"Tulinunua stendi. Watu wengi wamenunua."

Stendi. Juzi tu, muuza barakoa wa stendi alikuja kibandani kwake mbio mbio, akisema abiria wanarudishwa mlangoni mwa mabasi kwa kukosa barakoa, naye Sindano alikuwa ameishiwa vitambaa. Akachukua kilichobaki cha kasuku, akakikata chote, akashona, akafunga furushi. Aliona amefanya jambo la maana. Katika haraka ya kufungasha safari, hata wazo halikumpitia kwamba alikuwa akiwavisha kasuku wa mwanawe watu asiowajua, stendi nzima.

Mumewe alikwisha kugeuza gari. Hakumlaumu, na hilo lilimuumiza kuliko kama angemtukana. Sindano alishika dashibodi kwa mikono miwili na kuitazama barabara. Kila basi lililotokea mbele aliling'ang'ania kwa macho likipita, akitafuta koti la buluu dirishani, na kila lilipopita alisema, "Silo. Si ndiyo? Silo." Mtoto wa watu kule nyuma ndiye aliyemjibu. "Silo. Letu lina nyota."

Basi lenye nyota walilikuta pale pale kituoni, injini ikinguruma, dereva akipiga honi. Halikuwa limeondoka kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wake, amepanua miguu, na mlango haukuweza kufungwa bila kumbana. Uso wake ulikuwa na kasuku. Mapajani mwake alikuwa Kifungo, ameng'ang'ania gauni lake. Abiria walikuwa wamesogea nyuma kabisa ya basi, mbali na mtoto asiyejulikana kwao, aliyekuwa akikohoa.

Yule mvulana alitoka garini kabla halijasimama vizuri. Mama yake alimdaka kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa umemshika Kifungo, akamnusa kichwani, akalia bila sauti. "Nilimshika mkono nikijua ni wangu," alimwambia Sindano. "Nimefika mlangoni ndiyo akaanza kukohoa. Wangu hakohoi hivyo. Dada yangu, nilitaka kufa."

Sindano mtoto wake alimjua kwa kitambaa, na mgeni huyu alimjua wa kwake kwa kikohozi. Machozi na makamasi vilikuwa vimeilowesha barakoa hata hapumui. Akaivuta, akaitupa chini, akapiga magoti kwenye tope, akafungua mikono.

"Kifungo. Njoo, mama. Njoo."

Kifungo alimtazama. Akautazama mdomo ule uliokunjamana kwa kilio, ukiwa wazi, mbele ya watu. Kisha akarudi nyuma, akajificha kwenye gauni la mwanamke wa kwenye ngazi.

"Hana kasuku," alisema.

Hata dereva aliacha honi. Sindano alibaki na mikono yake wazi, akingoja mtoto acheke na kusema alikuwa anatania, lakini Kifungo alikuwa anatii tu, kama alivyofundishwa. Ikabidi baba mtu aiokote barakoa kwenye tope na kumpa mkewe. Sindano akaipachika masikioni, ikiwa na matope vile vile. Ndipo Kifungo akamkimbilia, na kikohozi chake kikamtikisa kifuani.

Garini alikaa naye kwenye kiti cha nyuma, pembeni ya godoro. Walipopita daraja, aliivua barakoa taratibu, huku akisema, "Ni mimi. Tazama. Ni mimi huyu." Mtoto alitazama kwa muda mrefu. Akanyoosha kidole, akagusa mdomo wa juu, akagusa meno, na kidole kikasimama katikati yake.

"Mama," alisema, "kumbe una mwanya?"

Baba mtu alikuwa akiwatazama kwenye kioo. Sindano, ambaye mtaa mzima haukuwahi kumkosesha jibu, alipanua mdomo tu, ili mwanawe auone vizuri.