Ziwa Imekasirika

Nilimwonea wivu akiwa hai, na alipokufa sikuacha. Heri niliseme hilo mapema, kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Kaloleni wakinisikia nikimtaja hudhani ni majonzi tu.

Mimi nilikuwa na stashahada ya Kiswahili na darasa la kufundisha. Yeye, msichana wa nyumba ya pili, aliishia kidato cha pili kwa sababu ya selimundu, ugonjwa wa damu uliomlaza kila baada ya wiki chache. Siku za nafuu aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mama yake pale sokoni Otonglo, na wateja wakipungua aliandika hadithi kwenye daftari la shule. Jumamosi alasiri tulikutana barazani kwetu, kila mmoja akasoma alichoandika, na majirani wakaja kusikiliza. Nikisoma mimi, walitazama simu zao. Akisoma yeye, hata mama aliyekuwa akimsuka binti yake alisimamisha mikono.

Na Kiswahili chenyewe! "Mtoto yangu." "Kitabu yake." "Ziwa imekasirika." Ndivyo tunavyosema sote huku, lakini mimi ngeli nilizijua. Nilikuwa nikiazima daftari lake na kulirudisha limejaa wino mwekundu. Alicheka tu.

"Sawa, Mwalimu. Lakini ziwa ya hapa haijaenda shule."

Majirani walimwambia nyota njema huonekana asubuhi. Mimi nikamtupia ile ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na nilikuwa nikiomba, Mungu anisamehe, alitie kweli.

Alikufa akiwa na miaka ishirini na minne. Mama yake alinipa daftari la mwisho, niichape hadithi moja na kuisoma siku ya mazishi, kijijini kwao Pap Onditi. Nilichapa kwa siku mbili. Nilisahihisha kila kitu, nikijiambia ninamsitiri asichekwe na wageni.

Siku yenyewe, chini ya hema, nilisoma vizuri sana. "Ziwa limekasirika, nalo halitaki kusema ni nani aliyelikosea." Watu walisikiliza kwa adabu, wengine wakijipepea kwa karatasi za ratiba. Nilipofika ukurasa wa pili mama yake akasimama.

"Mwalimu, pole. Hiyo si mtoto yangu anaongea. Hiyo ni wewe."

Daftari lilikuwa mkobani mwangu. Nikalitoa, nikaanza upya, makosa yote yakiwemo. "Ziwa imekasirika, na haitaki kusema nani ameikosea." Mzee mmoja akaguna, "Adier," yaani ni kweli. Watu wakacheka, kisha wakalia, wakacheka tena. Nami nimesimama pale na kipaza sauti mkononi, nikimwonea wivu mtu aliye ndani ya jeneza.

Tulipomaliza kuzika, mama yake alinishika mkono.

"Usijisumbue, Mwalimu. Hukujua."

Pembeni mwa ukurasa wa kwanza, karibu na ziwa lile, binti yake alikuwa ameandika kwa penseli: "Mwalimu, hii wacha hivyo." Niliyaona maneno hayo siku ya kwanza nilipofungua daftari. Niliyasoma mara mbili, kisha nikachapa "limekasirika."