Miezi Tisa Bila Kumshika Nangila

Mtu asiniambie nilikuwa na nia njema. Hiyo nia njema ndiyo ilimnyima Nanzala mtoto wake.

Alikuwa mke wa ndugu yangu Wanyama. Tulitoka Kimilili pamoja, tukapewa vibanda kwenye shamba la Kaburu upande wa Moiben. Kupukuchua mahindi, Nanzala aliwashinda wanaume wawili, na mdomo haukutulia. "Dada Nekoye," alikuwa akinitania, "hilo gunia lako linangoja Krismasi?"

Alipomzaa Nangila, viungo vikaanza kumvimba. Vidole vikapinda, akashindwa hata kumfunga mtoto mgongoni. Kabla ya mwaka kuisha kikaja kikohozi kikavu, na pumzi ikawa fupi. Kutoka mtoni hadi nyumbani alipumzika mara nne.

Mimi nilikuwa nimezika mume kwa kifua kikuu, kwa hivyo sikuuliza mtu. Nilimhamishia kibanda cha kuni, nikamtengea sahani na kikombe, nikamwachisha Nangila ziwa na kumchukua kwangu. Wanyama aliponung'unika nilimfokea, "Kwani unataka kuzika wawili?" Akatii, maana mimi ndiye nilimlea.

Nanzala alikuwa akikaa mlangoni, anamtazama mtoto akijifunza kutembea uani kwangu.

"Niletee nimshike kidogo tu, dada. Nitageuza uso."

Nikasema ng'o. Miezi tisa, kila akiomba, ng'o.

Mwaka wa hamsini, baada ya mavuno, tulimpeleka hospitali Eldoret juu ya lori la mahindi. Daktari akapima makohozi mara tatu, akampiga picha ya kifua. Akasema hakuna kifua kikuu. Ni ule ugonjwa wa viungo, umeingia mpaka mapafuni, na dawa yake hawana.

"Lakini hauambukizi," akasema. "Haujawahi kumwambukiza mtu."

Ole wangu! Nilitamani ardhi inimeze.

Tuliporudi nilimbeba Nangila mwenyewe hadi kitandani kwa mama yake. Nanzala akanyoosha ile mikono iliyopinda. Mtoto akapiga mayowe, akaning'ang'ania shingo. "Mama! Mama, twende!"

Mimi ndiye alikuwa akiniita.

Nanzala akashusha mikono. "Usimlazimishe, dada," akasema, kisha akageukia ukuta.

Tulimzika wiki ya tatu. Nangila ni msichana mkubwa sasa. Ananiita mama, na mimi, mwoga mkubwa, naitika.