Mama Alivyoniongelea Vizuri Kwenye Bima

Gari la mkate lilinigonga Kawangware na mgongo ukaniuma wiki tatu. Ulipopona nilinyamaza, maana kampuni ya bima ilikuwa bado haijakubali kunilipa fidia ya maumivu. Mama alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Kakamega, nikamchukua awe shahidi. Nilimwambia tu, "Mama, kule ofisini niongelee vizuri." Kumbe akadhani natafuta kazi!

Karani wa bima akaniuliza kama naweza kubeba kitu. Nikashika kiuno, nikaguna.

"Hata sufuria ya ugali inanishinda, bwana."

Mama akaruka kitini. "Usimsikilize, ana haya tu! Leo asubuhi amenibeba mgongoni kupita matope yote ya Riruta. Mwandike kazi mwanangu!"

Karani akaweka kalamu chini, akanitazama. Mimi bado nimeshika kiuno.