Masikio ya Urbanus Yalipochoka

Kwa Urbanus, kwaya haikuwa kitu cha kunong'onezwa. Kwao Songea redio ya Jumapili ilisikika mpaka kwa jirani wa tatu, na asiyeifungulia hivyo alionekana ana msiba, au bahili wa betri. Basi Jumamosi hiyo ya mwaka 2008, kwenye ghorofa yao ya Weston, huko ughaibuni, alikuwa ameketi tangu asubuhi mbele ya spika mbili zinazomfika kiunoni, akisafisha rekodi ya wimbo alioimba mkewe, Otilia, kanisani. Wimbo ulikuwa wa kumpelekea mama mkwe. Alikuwa kitandani Songea, macho yamegoma, kila siku akiulizia sauti ya binti yake. Zephania, ndugu yao, angepitia diski akielekea uwanja wa ndege.

Ajabu, kila baada ya muda sauti ilionekana kuzama. Urbanus akaongeza. Ikazama tena. Akaongeza, akapandisha na ile sauti nyembamba, kali.

Saa tisa Otilia aliingia kutoka kazini, akaziba masikio kabla hajavua koti.

"Baba Elinaza! Huyo ni mimi au sufuria inakwanguliwa?"

"Ni wewe, mama. Tena unang'aa!"

"Nang'aa? Mama kichwa chenyewe kinamuuma, unataka kummalizia?"

Simu ikalia. Zephania. "Kaka, baada ya saa moja tu niko hapo chini. Ndege haina undugu!"

Urbanus akarudi mbio kwenye kitufe. Otilia akamshika mkono.

"Zima. Masikio yamechoka hayo. Mpishi aliyeonja pilipili tangu asubuhi, utamwamini na chumvi?"

"Muda hakuna!"

"Zima, nimesema."

Spika zikazimwa dakika arobaini. Masikio yake yalivuma kama friji bovu. Mara tatu alinyanyuka. Mara tatu jicho la Otilia likamkalisha.

Alipowasha, aliacha sauti chini, kiasi cha kumsikia mkewe akiongea bila kupaza. Hapo akashtuka. Wimbo ulikwaruza! Kumbe haukuwahi kuzama. Aliyekuwa akizama ni yeye. Akafuta yote aliyoongeza. Kwenye ubeti wa pili ikajitokeza pumzi ya Otilia, ikikatika pale alipotaka kulia. Siku nzima hakuwa ameisikia.

"Niitoe?"

"Iache. Hapo ndipo atanijua."

Chini honi ikalia, ikalia tena. Wimbo ulipomaliza kuingia kwenye diski, Urbanus akaichomoa ikiwa bado ya moto, akashuka ngazi mbilimbili, lifti asiingoje.