Koti la Mtungi

Mume wa Albina, fundi cherehani wa mtaa wa Chanji, hupika pombe ya ulezi kwa kuipenda tu, wala haiuzi. Majirani humcheka kwamba kaingilia kazi ya wanawake. Yeye hubandika sikio kwenye mtungi kusikiliza pombe ikichachuka, akatabasamu kama mzee aliyeamkiwa. Albina aliyavumilia hayo yote mpaka Julai hii, baridi ilipokaza na pombe ikakataa kuchachuka. Mume akavua koti, akauvika mtungi, akafunga vifungo kimoja kimoja.

"Baba Yusto, mimi hujanifunika hivyo hata siku moja," akasema Albina, akijikunyata.

Aliuvua mtungi koti, akamvika mkewe, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Kisha akaketi sakafuni na shati lake jepesi, akaukumbatia mtungi.