Upande wa Kulia wa Mlango

Mimi ndiye niliyekata ule ukurasa. Nimekana kwa miaka ishirini na sita, mara nyingine bila hata kuulizwa, na katika muda huo nimeandika magazetini makala tatu kuhusu uaminifu, moja ikasifiwa sana. Ningeendelea kukana kama si usiku ule.

Babu yangu mzaa baba alikuwa fundi wa kuchonga milango pale Mji Mkongwe, Unguja. Padri mmoja Mfaransa, ambaye babu alimtengenezea madhabahu, alimwachia kitabu kikubwa cha michoro iliyochapwa kwa mabamba ya shaba: mapambo ya kuta, vioo na milango ya majumba ya Ufaransa ya zamani sana. Chuoni tuliambiwa mtindo ule unaitwa rokoko. Babu, asiyejua neno la Kifaransa, alikiita Kitabu cha Makombe, kwa kuwa kila ukurasa ulijaa makombe ya baharini na majani yaliyojipinda kama nywele zilizofumuliwa.

Katika michoro ile, kushoto hakufanani na kulia. Mchoraji aliweka miundo miwili ndani ya picha moja ili mteja achague mmoja. Babu hakujua. Aliichonga yote miwili kwenye nguzo za mlango, mwimo wa kushoto hivi, mwimo wa kulia vile, na watu wakaipenda milango yake. Mimi nikarudi likizo na elimu yangu ya mwaka wa pili, nikamweleza kosa lake mbele ya wateja. Babu akapuliza vumbi kwenye patasi.

"Basi huyo mteja wa Kifaransa alikosa nusu ya mlango wake," akasema.

Likizo iliyofuata nilikata ukurasa mmoja kwa wembe ili nikamwonyeshe mhadhiri wangu. Nilikusudia kuurudisha. Ulikuwa ukurasa wa mlango ambao babu alishamaliza mwimo wake wa kushoto. Ungekuwa mlango wetu wa kawaida, angegeuza karatasi tu na kupata upande wa pili; kwa huu, kushoto hakukumwambia lolote kuhusu kulia. Kazi ikasimama. Ufunguo wa sanduku la kitabu alikuwa nao binamu yangu Hamadi, aliyekuwa akijifunza kazi kwa babu. Babu aliniuliza mara moja tu. Nikasema sijauona. Hamadi akafukuzwa, na mama yake, shangazi yangu Zuhura, aliyekuwa akileta chakula cha mchana karakana kila siku, hakukanyaga tena pale. Mwaka uliofuata babu akafa. Ukurasa niliuficha nyuma ya cheti changu cha shahada, ndani ya fremu, kwa kuwa cheti chenyewe hakuna aliyewahi kukitazama mara mbili.

Usiku ule babu alinijia, na ndotoni ilikuwa mchana. Nilikuwa sebuleni kwangu Dar es Salaam, nimeketi. Alikuwa amesimama karibu na fremu, kofia kichwani, vumbi la mbao kwenye nyusi. Nilimwamkia. Hakunitazama mimi, alitazama ukuta. Kisha ukuta ukawa ukuta wa karakana, na kiti nilichokalia kikawa benchi lake, na hakuna kilichonishangaza.

Mlango umesimama katikati ya karakana. Mwimo wa kushoto umejaa makombe na majani. Wa kulia ni mti mtupu, mweupe kama mfupa. Babu ameshika kile kifuko chake cha unga wa mkaa. Alizoea kutoboa mistari ya mchoro kwa sindano, akaweka karatasi juu ya mbao na kuigonga kwa kifuko, unga ukapita matunduni na kuacha nukta za kufuata. Sasa hana karatasi. Anachukua mkono wangu wa kulia, anaulaza benchini, anaugonga kwa kifuko taratibu, kuanzia kiganjani hadi begani. Nukta zinatokea kwenye ngozi yangu: kombe, jani, kombe.

"Babu, nitakurudishia," nasema. "Kesho hiyohiyo."

"Mimi nina mlango gani tena?"

Anaweka patasi kwenye kifundo cha mkono wangu na kugonga. Hakuna damu. Yanatoka maranda, membamba, yaliyojikunja sawasawa na majani ya kitabuni. Hauumi. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, kwamba hauumi, na kwamba vidole vyangu vimeshaanza kunuka mbao za msaji. Majani ya mwimo wa kushoto yanasogea. Yamevuka kizingiti cha juu, yanashuka kulia, yanatafuta.

Nje ya mlango amesimama mwanamke, amenipa mgongo. Ameshika sahani iliyofunikwa kwa kawa. Sahani imeacha kufuka mvuke. Namjua kwa mabega. Sitaki ageuke.

"Huyo amesimama siku nyingi," babu anasema, bila kuacha kugonga. "Mfungulie."

Naunyoosha mkono. Ni mti hadi begani, haukunjiki. Mwanamke anaanza kugeuka.

Niliamka kabla sijaona uso wake. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Nilikuwa nimeulalia, mimi mwanamke mzima, na ningeweza kujiridhisha kwa maelezo hayo hadi chai ya saa nne. Badala yake niliishusha fremu, nikang'oa misumari ya nyuma kwa kisu cha siagi, nikampigia Hamadi. Siku hizi anatengeneza makabati ya jikoni.

"Dada wa magazetini! Asubuhi yote hii, kafa nani?"

"Hamadi, ule ukurasa niliukata mimi."

Mashine ya kupiga msasa iliyokuwa ikinguruma nyuma yake ilizimwa.

"Uko wapi?"

"Ninao. Ulikuwa nyuma ya cheti changu cha shahada."

Alicheka kidogo, bila furaha. "Kweli umesoma, wewe." Kisha akauliza, "Upande wa kulia umetobolewa?"

Niliuinua ukurasa dirishani. Mwanga ukapita kwenye matundu ya sindano, kombe baada ya kombe, mpaka chini. Babu alikuwa tayari kuanza.

"Wote," nikasema.

"Mlango ninao stoo. Nitaumalizia."

"Nisamehe, Hamadi."

"Mimi usiniombe. Mimi nilikuwa najua kuwa sikuchukua. Mama ndiye hakujua. Ngoja hapohapo, usikate." Nikamsikia akiita, "Mama! Simu yako!"

Nikasikia kandambili zikija polepole juu ya sakafu, na pumzi ya mtu mzima karibu na sikio langu.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Shikamoo, shangazi," nikasema. "Mimi ndiye niliyekata ule ukurasa."